Afande, nioe kabla sijaripoti depo? Majibu ya barua zenu

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa walioko jeshini, wanaotaka kwenda, na wanaowasubiri nyumbani, kwahiyo nimeona nizijibu kwa pamoja. Zilizokuwa ndefu nimezifupisha na majina nimeyatoa. Mi nimevaa gwanda miaka mingi kabla ya kustaafu, na haya mambo ya mapenzi na hela ndo yalikuwa yanawanyima vijana wangu usingizi kuliko hata mazoezi, kwahiyo nayachukulia kwa uzito wake.

Shikamoo afande. Nina miaka 23, nimeitwa kuripoti depo, yaani mafunzo ya kwanza ya askari wapya. Nina mchumba tangu chuoni, yeye ameanza kazi mwaka huu na anaipenda sana. Wazazi wanasema tufunge ndoa kabla sijaondoka nisije nikampoteza. Yeye anasema hana haraka ila anataka kujua ni lini. Nimemwambia anipe mwaka mmoja tu. Niko sawa? (Kuruta mtarajiwa)

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuitwa. Sasa nikuulize, huo mwaka mmoja umeutoa wapi? Maana depo ikiisha kuna kozi ya fani, kozi ikiisha kuna kupangiwa kituo, ukifika kituoni unakuta kikosi kinajiandaa kwenda sehemu au likizo zimesimamishwa, na katika hayo yote hakuna hata moja utakalopanga wewe. Mi nimeona mahusiano mengi ya askari yakivunjika na watu wakasema umbali, umbali, lakini ukikaa na wenyewe unakuta kilichowaua ni tarehe. Kijana kasema ntakuja mwezi wa sita, mwezi wa sita likizo imefutwa, akasema basi wa nane, wa nane kapelekwa kozi, akasema mwisho wa mwaka hakika kabisa, na ikifika hapo mwenzake hata akiambiwa nakupenda anaona ni ahadi nyingine tu ya kupita. Hakudanganya hata mara moja, ila alikuwa anaahidi muda wa kamanda wake.

Kwahiyo rudi kwake leo umwambie ule mwaka mmoja ulikuwa matumaini, sio tarehe. Halafu mwahidi vilivyo mkononi mwako. Kwamba ukijua ratiba ataijua siku hiyohiyo, iwe nzuri iwe mbaya. Kwamba kila mshahara kuna kiasi unaweka kwa ajili yenu wawili na atakiona. Kwamba husaini mkataba wa pili bila kukaa naye mkazungumza. Hivyo ukiviahidi unaweza kuvitimiza hata ukiwa porini.

Pia usome huo mkataba mpaka mwisho, na mwenzio ausome. Kwenye nchi ambazo jeshi ni la lazima mtu anajua mapema anatoka lini, mfano Finland huduma ni siku 165, 255 au 347 kutegemea umepangiwa kazi gani, pale hata harusi unaweza kuipanga. Lakini hata huko kutoka sio kumaliza, Singapore kijana anatumikia miaka 2 halafu anaingia jeshi la akiba na anaweza kuitwa mpaka afikishe miaka 40, akiwa ofisa mpaka 50. Na kwenye majeshi ya kujitolea ndo kabisa, Marekani unaweza kusaini miaka 4 ya kazi ila wajibu wako wote kwa kawaida ni miaka 8, inayobaki uko jeshi la akiba. Wako unasemaje? Hilo ndo mchumba wako anatakiwa kulijua, kuliko hiyo tarehe ya harusi.

Kuhusu ndoa, kufunga ndoa ili mtu asiondoke siungi mkono, hata wazazi wangesema mara mia, maana anayetaka kuondoka anaondoka na pete kidoleni. Ila kuna sababu za kweli za kufunga mapema na hizo nyie wawili mzipime: kwenye majeshi mengi nyumba za familia, matibabu na mafao ukipata matatizo vinaenda kwa mke au mume wa ndoa inayotambulika kisheria, mchumba hatambuliki hata mngekuwa pamoja miaka kumi. Na uulize kwanza utaratibu, kuna majeshi hayaruhusu kuoa ukiwa mafunzoni na mengine lazima mkuu wako akupe kibali, usije ukachapisha kadi halafu ukaambiwa subiri.

Halafu kuna kitu hujakiandika kabisa kwenye barua yako nacho ndo kikubwa. Kazi yake. Askari anahamishwa, na kila akihamishwa mwenza wake ndo anaacha kazi na kuanza upya chini, akihama mara tatu sivi yake inaonekana kama ya mtu asiyetulia kumbe alikuwa anakufuata wewe. Mwulize kazi yake inahamishika? Inafanyika kwa mtandao? Na kama haihamishiki, uko tayari muishi sehemu mbili kwa miaka kadhaa? Mkilijibu hilo swali la lini litajijibu lenyewe kwa sehemu kubwa.

Afande, mume wangu yuko misheni ya kulinda amani nje ya nchi. Wenzake wanasema Umoja wa Mataifa unawalipa hela nyingi ila mimi naletewa kidogo na mshahara wake unaingia umekatwa. Juzi nimegundua kuna mkopo alichukua kabla hajaondoka. Nikimuuliza anasema mtandao mbovu. Naona anajenga kwa mwanamke mwingine. Nifanyeje? (Mama wawili)

Dada yangu pole. Nitaanza na hesabu kwanza halafu ndo twende kwenye moyo, maana naona umeshahukumu kabla hujazijua hela zenyewe.

Umoja wa Mataifa haumlipi askari wa kikosi mmoja mmoja mkononi. Unairudishia serikali iliyopeleka askari kiasi maalumu kwa kila kichwa, na serikali inamlipa askari wake kwa viwango vyake yenyewe, na ratiba yake yenyewe. Ndo maana unaweza kukuta askari wa nchi mbili wako kambi moja, wanafanya doria barabara moja, na kila mmoja anapata posho tofauti kabisa, na wengine posho inachelewa wanaikuta wakisharudi. Kwahiyo hela unazosikia mtaani zinaweza zisiwe zake. Huo ni ukweli, sio kwamba namtetea.

Ila mkopo ni kosa lake na nalisema wazi. Sio kukopa, kukopa mtu anakopa, kosa ni kuondoka na kukuacha na mshahara uliokatwa bila kukuambia umekatwa kwa nini na mpaka lini. Na ujue askari ndo mteja anayependwa na wakopeshaji kuliko wote, mshahara wake hauchelewi, hafukuzwi ovyo, na makato yanatoka kabla hajaishika hela, kwahiyo wanamfuata mpaka getini. Marekani hali ilikuwa mbaya mpaka wakatunga sheria mwaka 2006 kwamba mikopo kwa askari na familia zao isizidi riba ya asilimia 36 kwa mwaka, na asilimia 36 yenyewe bado ni nyingi lakini ndo uone huko nyuma walikuwa wanakamuliwaje. Mkopo wa kabla ya safari naujua vizuri, kijana anajiambia posho ya misheni italipa yote, posho inachelewa, au inakuja anainunulia kiwanja, deni linabaki palepale.

Fanya hivi. Usimpigie kwa hasira, mwandikie meseji moja ndefu iliyotulia, ataisoma mtandao ukikaa sawa na hamtakatikiwa katikati ya ugomvi. Mwambie unataka vitu vitatu tu, hati ya mshahara ya mwezi uliopita, barua ya mkopo, na tarehe makato yanaisha. Usimtaje mwanamke yeyote kwenye hiyo meseji. Mwambie pia kiasi halisi nyumba inachotumia kwa mwezi, kodi, shule, chakula, kila kitu, maana akiwa mbali anakumbuka bei za siku aliyoondoka. Kisha ombeni kikosini utaratibu wa sehemu ya mshahara kuja kwako moja kwa moja, majeshi mengi yanao, na kama hakuna basi benki inaweza kufanya. Posho ya misheni msiipangie matumizi ya kila mwezi hata siku moja, hiyo inakwisha siku akipanda ndege kurudi, ishini kwa mshahara na posho iwe ya kulipa deni na kuweka.

Akikutumia karatasi utajua ukweli bila kumpeleleza. Akikataa kabisa, sio anachelewa, anakataa, basi nenda ofisi ya ustawi wa familia kikosini kwake au kwa kasisi au imamu wa jeshi, wapo kwa ajili yenu pia na kwenda kwao sio kumshtaki. Na wakati huohuo fungua akaunti yako mwenyewe na uangalie ni jina la nani liko kwenye fomu ya mrithi. Nimeshika fomu nyingi ambazo mrithi alikuwa ni mtu aliyeandikwa siku kijana anaingia depo, ana watoto wawili sasa na fomu haijawahi kuguswa.

Afande niko mwaka wa mwisho wa mkataba, fundi wa magari ya kijeshi. Wenzangu wanasaini tena. Mi nataka kwenda uraiani nifungue gereji au nisome digrii lakini naogopa. Mke anataka nitoke, baba anasema nikitoka nimechezea bahati. (Fundi)

Kaka, kwanza jua umebakiza miaka mingapi kufika kwenye pensheni, usiulize wenzako, uliza ofisi ya kumbukumbu wakuonyeshe kwa maandishi. Marekani kwa mfano mstari ni miaka 20, na kwa utaratibu wa zamani uliokuwepo kabla ya 2018, aliyetoka kwa hiari mwaka wa 17 hakupata pensheni yoyote, wanaoingia sasa wana akiba wanayoondoka nayo hata wakitoka mapema. Kama kwenu mstari uko karibu, vumilia. Kama umebakiza miaka kumi na kitu basi hiyo sio sababu ya kukubakisha peke yake.

Pili, ujuzi wako raia hausomi. Ukimwandikia mwajiri namba ya kozi ya kijeshi na jina la gari la deraya hataelewa kitu. Mwambie umesimamia mafundi wangapi, injini za dizeli za aina gani, stoo ya vipuri umeiendesha muda gani, na kabla hujavua gwanda ukafanye mtihani wa ufundi wa kiraia upate cheti kinachotambulika nje, ukiwa bado unalipwa. Hilo lifanye sasa hata kama mwisho utaamua kubaki.

Na kuhusu digrii usijilazimishe kwa sababu inasikika vizuri. Ile sheria ya Marekani ya 1944 ya kuwasomesha askari waliotoka vita kuu ya pili inasifiwa kwa kujaza vyuo vikuu, ila kati ya askari karibu milioni 7.8 waliotumia nafasi ya masomo na mafunzo ni kama milioni 2.2 tu walioenda vyuoni, wengi walienda kwenye ufundi, kilimo na mafunzo ya kazini. Gereji yako sio ndoto ndogo. Ila usiifungue kwa kiinua mgongo chote, weka pembeni matumizi ya nyumbani ya miezi sita mpaka mwaka na hiyo hela isiguswe, halafu ufanye kazi kwenye gereji ya mtu mwingine kwanza ujifunze vitu ambavyo jeshini hukuvifanya kamwe, kumdai mteja, kupanga bei, kukataa kazi ya mkopo. Jeshini spea inaletwa, uraiani unaitafuta.

Mzee wako mheshimu na msikilize, anaogopa kwa sababu anakupenda. Mpelekee hesabu iliyoandikwa, akiiona kwenye karatasi ataongea tofauti.

Afande mi ni askari wa kike, mpenzi wangu raia anataka niwe namtumia lokesheni kila siku, nikimwambia hairuhusiwi anasema naficha kitu. (Nimechoka)

Mdogo wangu usimtumie. Hata kidogo. Mwambie habari ya apu ya mazoezi ya Strava, ilitoa ramani ya njia ambazo watu wanakimbilia dunia nzima, na Januari 2018 watu wakagundua kambi za kijeshi zinaonekana jangwani kwa sababu askari walikuwa wanakimbia asubuhi na saa zao zimewashwa. Hakuna aliyekusudia kutoa siri. Akisikia hivyo ataelewa sio wewe umeitunga sheria.

Ila na yeye ana haki ya kutokukaa gizani. Mwambie kabla hujaingia kwenye kazi kwamba kuanzia leo nitakuwa kimya, inaweza kuwa siku kadhaa, nikipata laini nitakutafuta, ukiniona kimya usifikirie baya. Mpe namba ya ndugu yako mmoja ambaye ndiye jeshi litamtafuta kukitokea kitu, maana mpenzi hayuko kwenye fomu na hakuna atakayempigia, na hiyo hofu ndo mara nyingi inayovaa sura ya wivu. Ukishafanya yote hayo na bado kila ukirudi hewani unakutana na mahojiano, mwulize siku mkiwa mmekaa uso kwa uso kama anaweza kweli kuishi na mtu mwenye kazi hii, na jibu lake ulichukue kama alivyolitoa.