Mkuu, iache hiyo mixa dukani kwanza

Iache. Kama umeshatoa advansi, rudi kaongee nao wakurudishie, hata wakikata kidogo.

Umeandika unataka kurekodi maiki nne za waimbaji, kinanda na gitaa la besi kwa mpigo mmoja kwenye kompyuta yako ya nyumbani, kila kimoja kikae peke yake ili baadaye ukisawazishe, na kwamba umeona mixa ya chaneli 8 "ina USB kabisa". Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo yamenitoa mafichoni. Huwa napita humu kimya kimya nasoma mambo ya watu na kuondoka, ila leo nimeshindwa, maana mixa ya chaneli 8 ina USB kabisa ninayo mimi. Iko juu ya kabati, imefunikwa kanga ya mama watoto, na kila akiihitaji kanga yake ananiuliza hiyo redio yangu itaanza kazi lini.

Sikiliza. Hizo 8 ni zinazoingia kwenye mixa. Zinazotoka kwenda kwenye kompyuta ni 2. Mbili tu, kushoto na kulia. Mixa nyingi za aina hiyo zinafanya kile jina linachosema: zinachanganya, halafu ule waya wa USB unapeleka kilichokwisha kuchanganywa. Ukitoka pale dukani na boksi lako kichwani unaona una traki 8, yaani sauti nane kila moja kwenye mstari wake, kumbe una stereo moja.

Mimi nilijulia kwenye kazi ya watu. Kwaya ya waimbaji 22, nyimbo 8, Jumamosi nzima sebuleni kwangu Tabata, magodoro yote ya nyumba yamesimamishwa ukutani, watoto wamepelekwa kwa bibi yao. Maiki nne: moja sauti ya kwanza, moja ya pili, moja ya tatu, moja ya nne. Kinanda tundu la tano, besi la sita. Vitaa vya mixa vinapanda na kushuka kama vya ukumbi wa harusi. Mwalimu wa kwaya alivyoona vile vitaa akaniambia, "Kijana wangu, Mungu amekupa kipaji." Nikakubali na sifa juu.

Jumatatu nafungua kazi. Traki moja. Nikadhani nyingine zimejificha, nikashuka chini kwenye skrini, nikapanda, nikazima kompyuta nikawasha. Traki moja, ina mawimbi mawili yamefanana kama mapacha waliovalishwa sare.

Jumatano mwalimu akapiga simu. Amesikiliza kwa utulivu, kazi nzuri, ila sauti ya pili haisikiki na kinanda kimewameza, naomba upunguze kinanda. Nikamjibu sawa mwalimu. Nipunguze nini? Ugali ukishasongwa, unga utautoa wapi? Nikijaribu kukikata kinanda kwa EQ, yaani kile cha kupunguza sauti nzito au nyembamba, sauti ya tatu nayo inaondoka, maana hao wawili wanakaa mtaa mmoja. Nikipandisha sauti ya pili kidogo, besi inaanza kunguruma kama lori la mchanga linapandisha mlima. Usiku tano nilikesha. Wa sita nikaenda kwa mwalimu kuungama.

Tukarudia kurekodi kwa mixa ileile, safari hii kwa mafungu: ala kwanza, kisha sauti moja moja, kila kundi na hedifoni. Nauli za wote juu yangu. Soda na chapati juu yangu. Na kwa kuwa hakuna kwaya inayoweza kukutana Jumamosi mbili mfululizo bila mtu kupata msiba, walikuja 17 na sauti ya nne ikabaki mzee mmoja mwenye mafua. Hiyo ndiyo iliyouzwa. Ukiisikia mahali, ule mkwaruzo wa chini siyo spika yako.

Sasa linaloniuma mpaka leo. Hata kwa ile mixa ningeweza kuokoa nusu ya kazi. Kila chaneli ina kile kitufe cha kuzungusha kilichoandikwa PAN. Ningewazungusha waimbaji wote kushoto kabisa na ala zote kulia kabisa, kompyuta ingepokea vitu viwili tofauti, nikapunguza kinanda bila kumgusa mtu. Sekunde kumi za kuzungusha vitufe sita. Hakuna aliyeniambia!

Aliyeniuzia nilimuuliza mara mbili. "Boss, hizi zote zinaingia kwenye kompyuta?" Akanijibu, "Zinaingia zote boss, wenye studio wote wanabeba hii." Hakudanganya, zinaingia zote. Zinaingia zimekumbatiana. Na yule jamaa wa YouTube niliyemwamini, video ya dakika 18, kumi nzima anasifia rangi ya taa na mwangwi wa kichawi wa ndani ya mixa, skrini ya kompyuta hakuionyesha hata mara moja. Nilimwandikia pale chini kwa upole. Akanijibu kwa alama ya dole gumba.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela uliza swali moja tu: ule waya wa USB unapeleka traki ngapi zilizotengana? Muuzaji akianza kukuhesabia matundu ya mbele, muage. Geuza boksi usome mwenyewe. Pakiandikwa 2 in / 2 out, au 2x2, kimbia, hata juu kukiwa na matundu 30. Wewe una vitu sita, kwa hiyo unatafuta siyo mixa bali kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, kama Behringer UMC1820 au Focusrite Scarlett 18i20, kila moja ina matundu 8 ya maiki na kila tundu linafika kwenye kompyuta kivyake. Behringer UMC404HD ni nafuu lakini ina manne, utarudi hapa kulia. Kama roho inataka mixa lazima, ipo Soundcraft Signature 12 MTK. Zishike hizo herufi tatu za mwisho. Ipo Signature 12 isiyo na MTK, zinafanana kama ndugu, na hiyo inapeleka mbili tu.

Nenda na kompyuta yako dukani. Draiva ya kifaa, ile programu ya kukitambulisha kwa kompyuta, ipakue nyumbani kabisa, maana bila hiyo Windows inaweza kukuonyesha matundu yake mawili mawili ukakihukumu kifaa kizuri bure. Weka Reaper, programu ya kurekodi, inakupa siku 60 za kujaribu bila kulipa. Fungua traki sita, kila moja ipe tundu lake, washa kurekodi zote, chomeka maiki tundu la tatu, sema chochote. Ikicheza ya tatu peke yake, lipa. Orodha ya matundu ikiishia mbili, na zote mbili zikicheza pamoja, hela irudi mfukoni. Muuzaji akikasirika mwache akasirike, nauli za kwaya hatalipa yeye.

Na usije ukadhani utakwepa haya yote kwa kununua maiki nne za USB. Na huko nilifika, nilikuwa na hasira. Kila maiki ya USB ina saa yake ndani ya kupimia mwendo wa sauti, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawasawa kabisa. Zikitofautiana sehemu 50 kwa milioni tu, baada ya saa nzima zimeachana sekunde 0.18. Kwa maongezi watu watavumilia, kwa kwaya huyo ni mtu anayeingia kwenye wimbo wenzake wameshageuza ukurasa. Mac ina namna ya kuunganisha vifaa na kuvirekebisha vinapoachana, Windows utahangaika na draiva ya kuunganisha vifaa iitwayo ASIO4ALL na saa hazitapatana hata hivyo. Kifaa kimoja, saa moja, basi.

Kompyuta yako haina kosa. Traki 6 za ubora wa kawaida wa studio (24-bit, vipimo 48,000 kwa sekunde) ni kama GB 3 kwa saa, RAM yako ya GB 8 inatosha, usidanganywe ununue nyingine.

Uliuliza na mambo ya hedifoni na mwangwi wa chumba, nitarudi baadaye. Kwanza piga picha nyuma ya hilo boksi, pale palipoandikwa USB, uitupie hapa leo. Na kama kanisani wanatafuta mixa ya ibada tu, siyo ya kurekodi, nina moja. Kanga siuzi.