Kupiga Maulidi ya Lamu kwa mkanda wa milimita 16

Mwenye uzi anauliza kama kamera ya mkanda, Bolex H16, aliyoachiwa na babu yake inaweza kazi ya Maulidi, au abaki na simu. Inaweza, ndugu. Ila piga kwanza hesabu ya mkanda. Roli ya futi 100, kwa fremu 24 kila sekunde, haifiki dakika tatu. Na springi inayoiendesha kamera ukiijaza hadi mwisho, inakwenda kama nusu dakika, basi. Mbio za punda hazikungoji ujaze upya, kwa hiyo mimi hujaza kila baada ya shoti, hata fupi.

Kinachosumbua hasa Lamu ni mwanga. Mzee amekaa barazani kichochoroni, kanzu nyeupe, uso kivulini, na ukuta wa chokaa juu yake unawaka jua. Ukipima mwanga wa ukuta, uso unakuwa mweusi tii na maabara haitakusaidia. Sogea, muombe ruhusa, shika mita ya mwanga karibu na shavu lake, upime hapo. Negativu huvumilia mwanga kuzidi kuliko kupungua. Mikunjo ya kanzu utaiona tu. Pwani mchana chukua 50D (mkanda wa mwanga mkali wa jua), lenzi ifunge kwenye f/16. Usiku pale msikiti wa Riyadha utahitaji 500T (mkanda wa mwanga hafifu), tena karibu na taa.

Mkanda mbichi nauweka friji, kopo limefungwa. Nautoa saa kadhaa kabla ya kazi, maana ukifunguliwa ungali baridi, kwa joto letu hili la pwani, utalowa. Kupakia ni kivulini, hata kama roli inasemekana yaweza kupakiwa mwangani mchana. Ukitoka mchangani Shela, chungulia dirisha la fremu (pale mkanda unapopata mwanga) kila unapobadilisha roli: unywele mmoja ukinasa hapo utacheza kwenye picha mpaka mkanda uishe. Pulizia kwa pampu ya mpira, si kwa mdomo (mate!).

Uwanja wa ndege wa Manda, mikanda usiitie kwenye begi la kupakiwa. Mashine zinazokagua mizigo hiyo zina nguvu na huiharibu. Beba mkononi, uombe kwa adabu ikaguliwe kwa mkono.

Sauti ndiyo usiitegemee. Kamera inanguruma, na mwendo wa springi hauko sawasawa, midomo haitaoana na maneno. Matari na kirumbizi (ngoma ya fimbo) rekodi pembeni, uyapitishe chini ya picha. Mahojiano ya wazee, hapo tumia simu.