Ozoni huvunjwa au huvunjika?

SWALI: Naandaa makala kuhusu tabaka la ozoni. Mhariri amefuta "ozoni huvunjika" akaweka "ozoni huvunjwa", lakini "ozoni huundwa" ameiacha kama nilivyoiandika. Ipi ni sahihi?

JIBU: Zote ni Kiswahili safi, ila hazisemi jambo moja. Kauli ya kutendwa, kama "huvunjwa", humdai mtenda hata asipotajwa. Kauli ya kutendeka, kama "huvunjika", hukitazama kile kilichopatwa tu. Ndiyo maana tunasema "huvunjwa na klorini", ilhali "huvunjika na klorini" inakwaruza sikio. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kitenzi, tazama kwanza kama mvunjaji yupo.

Huko juu angani kwenye tabaka la ozoni, gesi yenye atomu tatu za oksijeni, hasa kati ya kilomita 15 na 35 kutoka ardhini, mvunjaji wa kwanza ni mionzi ya urujuanimno ya jua. Ile yenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 240 hivi huipiga molekuli ya oksijeni na kuzitenganisha atomu zake mbili. Mtenda yupo, basi oksijeni "huvunjwa". Lakini atomu iliyobaki peke yake haiunganishwi na yeyote. Hukutana na molekuli nzima ya oksijeni, zikaungana, ikawa ozoni, na hapo kauli ya kutendana ndiyo mahali pake. Huhitajika pia molekuli ya tatu, aghalabu ya naitrojeni, ya kupokea nishati ya ziada. Isipokuwepo, ozoni hiyo changa husambaratika papo hapo. Nimesema "husambaratika" kwa makusudi, kwa kuwa hakuna anayeisambaratisha: ni nishati yake yenyewe.

Kauli ya kutendeka ina kazi nyingine, ya kuonyesha uwezekano. "Ozoni huvunjika kwa urahisi kuliko oksijeni" ni sentensi nzuri, na kisayansi ni kweli, maana hata mionzi yenye mawimbi marefu kuliko yale ya nanomita 240 huweza kuivunja. Kama hiyo ndiyo maana uliyoikusudia, irudishe sentensi yako.

Kama ulikuwa unazungumzia uharibifu wa tabaka la ozoni, niko upande wa mhariri, tena kwa nguvu. Gesi za klorofluorokaboni, zilizotumika sana kwenye majokofu, zikifika juu hupigwa na mionzi na kuachia klorini. Atomu ya klorini huipokonya ozoni atomu moja ya oksijeni. Kisha atomu huru ya oksijeni huja kuichukua ile iliyopokonywa, na klorini hubaki huru kuanza upya, ikaharibu maelfu ya molekuli. Wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland waliieleza hatari hiyo mwaka 1974, na mkataba wa kimataifa wa Montreal wa 1987 ukaanza kuzibana gesi hizo. Ukiandika hapo "ozoni imevunjika", umemfichia msomaji mtenda anayejulikana, na gesi zenyewe zimetengenezwa na binadamu.

Kuhusu "huundwa", mhariri ameiacha mapema mno. "Ozoni huundwa na atomu tatu za oksijeni" inaeleza imejengwa kwa nini, haielezi inatokeaje. Kwa tukio lenyewe andika: "Ozoni hutokea atomu ya oksijeni inapoungana na molekuli ya oksijeni."