Mtoto kapewa rufaa hospitali ya "Freemason", nifanyeje?

SWALI: Shikamoo shangazi. Tunaishi Philadelphia na mume wangu, mtoto wetu ana wiki tatu, kazaliwa nyayo zote mbili zimepinda kwa ndani. Daktari katupa rufaa twende hospitali ya Shriners, kuingia mtandaoni naona wazee wamevaa tarbushi nyekundu na maneno ya Freemason, nikampigia mama Mwanza akaanza kulia, anasema hao watoto wanawatoa kafara. Na kama hatulipi, tutabaki na deni gani kwao? Mama Kichanga.

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera kwa uzazi. Nianze na linalomliza bibi. Ni kweli Shriners ni Freemason, huwezi kuwa Shriner kama hujafika daraja la tatu la Umasoni, na hawafichi hilo, tarbushi ndo sare yao. Ila hizi stori za kafara tunazozushiana kwetu kila mtu akinunua gari jipya hazina ukweli wowote, na zinaniuma sana zikimfikia mama mwenye kichanga kinachohitaji daktari.

Hospitali zenyewe zilianza hivi. Mwaka 1919 kiongozi wao mkuu, Freeland Kendrick, ambaye baadaye akawa meya wa hapo hapo mjini kwenu, alitembelea Atlanta hospitali ya Wamasoni ya watoto wenye ulemavu wa viungo, ikamkaa moyoni. Mwaka uliofuata kwenye mkutano mkuu Portland, Oregon, akapendekeza kila mwanachama atoe dola 2 kwa mwaka wajenge za kwao, watu wakaanza kusitasita, ndo akasimama Forrest Adair wa Atlanta akawasimulia kwamba alfajiri moja kaamshwa na mpiga bendi mmoja kasimama peke yake chini ya dirisha la hoteli anapuliza wimbo wa mapovu, "I'm Forever Blowing Bubbles", akawaambia hela tumemwaga kwenye nyimbo na bendi vya kutosha, sasa tuzitumie kwa binadamu. Kura ikapita bila mpinzani. Hospitali ya kwanza ikafunguliwa Shreveport, Louisiana, 1922, na ya Philadelphia 1926. Mimi naona nguvu yao ilikuwa kwenye ile dola 2 ya kila mtu kila mwaka, maana harambee ya siku moja haiendeshi wodi.

Zamani wagonjwa wengi walikuwa wa polio. Chanjo ilipokuja 1955 wakaongeza watoto walioungua moto, hospitali yao ya kwanza ya kazi hiyo ni ya Galveston, Texas, 1966.

Kuhusu deni, usiogope. Mzazi hahitaji kuwa mwanachama wala kumjua mwanachama, na mtoto hakataliwi kwa sababu wazazi hawana uwezo. Ila bima beba, maana mfuko wao uliyumba vibaya kwenye mtikisiko wa uchumi wa 2008, kutoka karibu dola bilioni 8 hadi kama 5, ikaletwa hoja ya kufunga hospitali 6, wanachama wakaikataa kwenye kura ya 2009 na badala yake wakakubali kuanza kupokea bima. Kwa hiyo ukiulizwa kadi usishtuke, na kama huna bima sema palepale.

Sasa miguu, ndo kubwa zaidi. Kwa kawaida wanamnyoosha taratibu kwa mkono, wanamfunga plasta ngumu kuanzia vidole hadi mapajani, kila wiki wanaifungua na kufunga nyingine, mara tano sita hivi, halafu wengi wanakatwa kidogo kano, ile kamba ngumu ya nyuma ya kisigino. Baada ya hapo kuna viatu vilivyounganishwa na kijichuma katikati, miezi mitatu karibu mchana kutwa na usiku, kisha usiku tu mpaka afike kama miaka minne. Hapo ndo wazazi wanachoka, mtoto analia, wanavivua, miguu inarudi kupinda. Mwambie baba yake ajifunze kuvivalisha pia, mpeane zamu za usiku, na bibi umpigie kwa video siku ya plasta ya kwanza amwone mjukuu wake mwenyewe.