Kilo na saa: kabla hujaomba kibali cha kituo cha taka za hospitali Dar es Salaam

Ukitaka kufungua kituo cha kuhifadhi na kuhamishia taka za hospitali jijini, faili lako lote litasimama juu ya namba mbili: kilo utakazopokea kwa siku, na saa ambazo taka hizo zitakaa kwako. Ukubwa wa chumba, idadi ya mapipa, magari, tanki la maji machafu, vyote vinatoka hapo. Faili hukwama pale namba hizo zinapokosekana, au zinapojitokeza tatu tofauti ndani ya ripoti moja: kilo 300 kwenye maelezo ya mradi, kilo 500 kwenye mikataba na zahanati, halafu mchoro wa chumba kinachotosha kilo 150.

Tuanze na saa, maana ndizo zinazoeleweka vibaya zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka taka ambukizi ambazo haziko kwenye ubaridi, katika maeneo ya joto, zisikae zaidi ya saa 48 msimu wa baridi na saa 24 msimu wa joto kabla ya kuteketezwa au kutibiwa. Saa hizo huanza kuhesabiwa taka ikizalishwa wodini. Taka zikifika getini kwako, saa nyingi tayari zimeshaliwa. Zahanati ya Mbagala ikifunga mfuko Ijumaa saa kumi na moja jioni, na gari lako likaupitia Jumatatu saa mbili asubuhi, umepokea mfuko wenye saa 63. Hapo hata ukiupakia mchana huohuo kwenda kwenye tanuri, muda ulishapita.

Kwa hiyo lebo ya mfuko iandikwe tarehe na saa ya kufungwa, siyo tarehe ya kuchukuliwa, na ratiba yako iguse Jumamosi na Jumapili kwa wateja wasio na ubaridi. Kama huwezi, weka kontena la baridi la nyuzi 3 hadi 8, lenye kipimajoto kinachosomwa na kuandikwa asubuhi na jioni, na jenereta yake. Kontena la baridi lisilo na jenereta, kwa umeme wetu, mkaguzi hatalihesabu, na yuko sahihi.

Sasa kilo. Usikadirie kwa kuangalia idadi ya vitanda. Nenda kwa wateja uliokubaliana nao, pima taka zao kila siku kwa wiki mbili, mifuko myekundu, mifuko ya njano na maboksi ya vitu vyenye ncha kali kila kimoja peke yake. Tuseme umepata kilo 400 kwa siku, na umepima ukaona mita moja ya ujazo ina kilo 120. Hiyo ni mita za ujazo 3.3. Pipa la magurudumu la lita 240 lijazwe robo tatu tu, yaani lita 180, kwa hiyo unahitaji mapipa 19. Lakini tanuri unakopeleka litaharibika siku moja, au barabara itafungwa na mafuriko, basi panga nafasi ya siku mbili: mapipa 38. Kila pipa linakula karibu mita ya mraba 0.42 sakafuni, jumla mita za mraba 16. Ongeza kiasi kilekile kwa njia ya kupita, mzani na sehemu ya kukagua, unapata chumba cha mita za mraba 32. Hesabu hiyo iandikwe kwenye ripoti hatua kwa hatua. Anayepitia ripoti akiikuta, maswali yake mengi yanaisha hapohapo.

Siku hiyo ya pili ya akiba ni nafasi tu. Haiongezi saa. Mapipa yatakayolala yanahitaji ubaridi, ndiyo maana tunashauri kontena la baridi liwepo hata kama ratiba yako ni nzuri.

Kuhusu vibali vyenyewe, kosa linalogharimu sana ni kudhani cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira (TAM) kinatosha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka TAM kabla ya mradi kuanza, na kanuni zake za 2005, zilizorekebishwa 2018, zinagawa miradi katika madaraja. Usijipangie daraja. Sajili mradi NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ukiwa na mtaalamu elekezi aliyesajiliwa, eleza ukweli wote, nao wakuambie. Kisha ziko kanuni za taka hatarishi za 2021, zinazotaka kibali kwa shughuli yenyewe: kukusanya, kusafirisha, kuhifadhi, kuteketeza. Mtu akiwa na cheti cha TAM cha jengo, halafu gari linakusanya taka bila kibali cha taka hatarishi, yuko nje ya sheria. Na ukiandika kwenye mradi kwamba "baadaye tutaweka tanuri dogo", umebadilisha mradi mzima: sasa kuna moshi, majivu, mafuta na bomba la kutolea hewa vya kutathminiwa. Kama utahamisha tu, andika kuhamisha tu.

Kiwanja kiangaliwe kabla ya kulipa kodi ya hata mwezi mmoja. Matumizi yaliyoandikwa kwenye hati yaendane na shughuli. Kiwanja cha makazi kitakurudisha mipango miji kwenye kubadili matumizi, na huko unaweza kukaa muda mrefu kuliko TAM yenyewe. Sheria inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufuko wa bahari. Pembeni ya Mto Msimbazi na vijito vyake usijaribu hata nje ya mita hizo. Masika ya Machi hadi Mei yanaonyesha kila mara maji yanafika wapi. Waulize wakazi wa zamani maji yalifika wapi, piga picha alama ukutani, iweke kwenye ripoti. Angalia pia visima. Sehemu kubwa ya jiji ni mchanga, maji ya ardhini yako karibu, na watu wanayanywa.

Mkutano wa mtaa ufanywe mapema, kupitia mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, kwa Kiswahili, na muhtasari uwe na mahudhurio yenye sahihi. Majirani watauliza harufu, nzi, kunguru na watoto wanaookota sindano. Wana haki kabisa ya kuuliza. Jibu kwa vitu vinavyoshikika: wavu, mlango unaojifunga, mapipa yenye mfuniko unaofungwa, ukuta, mlinzi, na namba ya simu ukutani ambayo inapokelewa. Ukiwaambia "hakuna madhara yoyote" umeshawapoteza.

Jengo lenyewe halina siri kubwa: sakafu ya zege laini isiyofyonza, mteremko wa asilimia 1 hadi 2 kuelekea mfereji, kona za ukuta na sakafu zilizoviringwa, paa, bomba la maji, taa, alama ya taka ambukizi. Tatizo ni maji ya kuosha. Mapipa 19 kwa lita 15 kila moja, pamoja na sakafu na gari, unafika lita 500 kwa siku kirahisi. Maji hayo yasiende kwenye mtaro wa mvua, wala shimo la kunyonya. Yaende kwenye tanki lisilovuja. La lita 5,000 linajaa siku ya kumi, kwa hiyo mkataba wa kunyonya uwe wa kila wiki, au upate ruhusa ya mamlaka ya maji, DAWASA, kuingiza kwenye mfumo wa majitaka kama upo mtaani kwako. Maji ya mvua ya paa yatenganishwe kabisa, vinginevyo mvua moja ya Aprili italijaza tanki usiku mmoja.

Damu ikimwagika tumia klorini ya asilimia 0.5: dawa ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji. Usinyunyizie klorini taka zinazokwenda kwenye tanuri. Ukichoma klorini unasaidia kutengeneza sumu za dayoksini.

Kwenye kibali cha usafirishaji orodhesha magari mawili, hata kama la pili ni dogo. Kituo chenye gari moja, siku likiharibika Mandela Road, kitakodi pikapu isiyo kwenye kibali, na hilo ndilo kosa litakalokamatwa. Kila safari iwe na hati ya ufuatiliaji inayosainiwa na anayetoa, anayebeba na anayepokea, na kilo zisomwe kwenye mzani uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Kilo zilizoingia ukitoa zilizotoka zilingane na zilizopo chumbani. Fanya hesabu hiyo kila jioni. Ikipishana kilo 5, tafuta usiku huohuo.

Usiwasilishe chochote bila mkataba wa mwisho wa safari: nani anateketeza, tanuri lake lina vyumba viwili au kimoja, chumba cha pili kinafika nyuzi 850 au zaidi, uwezo wake kwa saa, na kibali chake kinaisha lini. Tafuta na wa pili wa dharura.

Andika pia usivyopokea. Kondo la nyuma libaki kwenye shimo la kondo la kituo cha afya. Dawa zilizokwisha muda zina utaratibu wake chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), vyanzo vya mionzi ni vya Tume ya Nguvu za Atomiki, vipimajoto vya zebaki na makopo yenye gesi visiingie kwenye mfuko wa njano hata kimoja. Dereva awe na mamlaka ya kukataa mzigo, na asikatwe posho kwa kukataa.

Wafanyakazi wapate chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu kwa miezi 0, 1 na 6, kabla ya kugusa mfuko wa kwanza. OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wataangalia na wewe uangalie. Aliyechomwa sindano afike kituo cha afya ndani ya saa chache, na kwa dawa za kuzuia VVU isizidi saa 72. Bandika ukutani jina la kituo hicho na nani anaendesha gari la kumpeleka usiku.

Cheti kikitoka, soma masharti yaliyoambatanishwa, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kisha kila sharti mpe mtu mmoja mwenye jina na tarehe. Ukaguzi wa baadaye utafuata karatasi hiyo sharti kwa sharti, na majibu ya vipimo vya maji au kumbukumbu za joto za miezi iliyopita hayawezi kutengenezwa asubuhi ya ukaguzi.