Kwa nini visiki? Maswali yenu kuhusu mandhari ya vita

Nimeletewa maswali kadhaa kuhusu michoro ya mandhari iliyotoka vitani, mengi yakigusa Vita Kuu ya Kwanza. Nayajibu haya matano.

Watu walikuwa wanakufa kwa maelfu. Wachoraji walihangaika na miti ya nini?

Jibu la haraka ni kwamba maiti wa askari wa upande wako walikuwa hawaruhusiwi. Mwaka 1917 Mwingereza C.R.W. Nevinson alichora askari wawili waliokufa, wamelala kifudifudi kwenye tope karibu na seng'enge. Jeshi likaikataa picha. Mwaka uliofuata aliitundika kwenye maonyesho hivyo hivyo, ameibandika karatasi ya kahawia iliyoandikwa kwamba imezuiwa, na kwa hilo akakaripiwa. Kisiki cha mti hakina mama wa kukililia, kwa hiyo kilipita bila taabu.

Ila mimi siamini kwamba ni woga wa mkaguzi tu. Paul Nash, Mwingereza mwingine, ambaye visiki vyake ndivyo vinavyojulikana zaidi, alikuwa akichora miti kabla ya vita, na mwaka 1912 aliandika katika barua kwamba anajaribu kuichora kana kwamba ni wanadamu. Mtu wa namna hiyo ukimpeleka Ypres, Ubelgiji, mwaka 1917, mbele ya msitu uliopigwa mizinga, anachokiona ni mauaji.

Nimeiona "We Are Making a New World" ya Nash. Mbona naona jua linachomoza? Ni picha ya matumaini?

Hapana, ingawa jua lipo kweli. Itazame polepole. Duara jeupe la jua linapenya juu ya mawingu yenye wekundu wa kutu, kama jeraha bichi. Chini yake visiki vimesimama bila tawi lolote la maana, vingine vimelegea kama watu waliochoka kusimama. Ardhi yenyewe imevimba vilima vidogo vya kijani kibovu, kimoja baada ya kingine. Ukipenda ni mawimbi, ukipenda ni makaburi. Hakuna mtu hata mmoja. Basi jua linamchomozea nani?

Jina maana yake ni "Tunaumba Dunia Mpya", na humo ndimo mna sumu. Huyo "sisi" ni nani? Nash hakusema Wajerumani. Kwenye barua kwa mkewe, Novemba 1917, alijiita mjumbe anayepeleka habari kutoka kwa wanaopigana kwenda kwa wanaotaka vita viendelee bila kikomo.

Lile tope lilikuwa hivyo kweli, au msanii alitia chumvi?

Lilikuwa hivyo. Eneo la Ypres ni tambarare lenye udongo wa mfinyanzi, na wakulima wa huko walilifanya likalike kwa kuchimba mitaro ya kutoa maji. Kabla ya shambulio la Julai 1917, mizinga ya Waingereza ilimwaga makombora zaidi ya milioni 4. Mitaro ikasambaratika, mvua ya Agosti ikanyesha, maji yakakosa pa kwenda. Katika "The Menin Road", mchoro wenye upana wa zaidi ya mita 3, Nash ameweka askari wachache wadogo mno wanaojipenyeza kati ya madimbwi. Barabara ya jina hilo huioni. Imeliwa.

Na Wajerumani, walichora nini?

Otto Dix, aliyekuwa vitani mpiga bunduki ya rashasha, alikwenda mbali kuliko Nash. Katika "Flandern", aliyoichora kati ya 1934 na 1936 baada ya utawala wa Nazi kumfukuza ualimu kule Dresden, askari waliolala wameshikamana na tope hadi huwezi kusema hiki ni kisiki na huyu ni mtu. Nash alifanya mti kuwa mwanadamu. Dix akamgeuza mwanadamu kuwa mzizi.

Kuna aliyechora ardhi ikipona?

Wapo, na nashangaa hawatajwi sana. William Orpen aliiacha Somme, Ufaransa, ikiwa tope tupu. Aliporudi kiangazi cha 1917 akakuta chokaa ya ardhini imekauka nyeupe inaumiza macho, na maua mekundu yameota juu ya mahandaki. Akaichora hivyo, kwa rangi za sikukuu. Binafsi picha hizo hunitisha kuliko tope, maana mifupa ilikuwa ingali pale pale.

Mwingine ni Mary Riter Hamilton wa Kanada. Alifika kwenye viwanja vya mapigano mwaka 1919, vita vimekwisha, akaishi kwenye vibanda katikati ya magofu na makombora ambayo hayajalipuka. Katika miaka mitatu hivi alichora picha zaidi ya 300, haraka haraka, kabla majani hayajafunika. Mwaka 1926 nyingi kati ya hizo alizitoa bure kwa hifadhi ya nyaraka ya nchi yake.