Makaa Yasubiriwe

Mwanangu,

Salamu zimefika, na mama yako anakurudishia mara mbili.

Umeniuliza kama unaweza kutunga mishkaki ya nyama na kamba wa baharini kijiti kimoja, Jumamosi wakwe zako wakija hapo Mbweni, maana daktari kakwambia upunguze wanga na hutaki mkate wa boflo wala chipsi kwenye sinia. Kijiti kimoja, hapana. Kamba ndani ya dakika tano keshajikunja na kuwa mwekundu, nyama ya ng'ombe bado mbichi. Kila kitu na kijiti chake. Pweza mchemshe kwanza kwa maji yake mwenyewe.

Lakini mimi nikisikia mishkaki na wakwe, roho inarudi Idi ile. Unaijua, ila umeisikia kwa mama yako tu. Babu yako, mkwe wangu, anakuja kutoka Mkoani, mara ya kwanza kukanyaga kwangu hapa Wete. Nikanunua nyama kilo 3, nikatia thomu, tangawizi, ndimu na papai bichi la kutwanga. Papai nusu saa linatosha. Mimi nikaliacha usiku kucha, nikitaka nyama iwe laini kuliko ya mtu yeyote hapa mtaani. Asubuhi ilikuwa inamomonyoka vidoleni. Juu ya seredani ikakatika, ikaangukia makaani, nami nimesimama na upepeo mkononi mbele ya mzee. Alikula vijiti viwili vilivyosalia, akasema, "Nyama laini." Hakusema jingine mpaka anapanda gari. Miaka 30 na ushei, neno lile nalisikia bado.

Mama yako anasema alinisifu. Huenda, mzee yule hakuwa mtu wa mafumbo. Lakini mbona hakuomba kingine? Labda aliona hakuna. Sijui kwa nini nalirudia.

Basi ndiyo nasema kila siku: makaa yasubiriwe, nyama isisubirishwe. Makaa yavae majivu meupe kwanza. Vijiti viloweke nusu saa visiungue. Ngisi dakika mbili tatu tu, ukizidisha unatafuna mpira. Makaa yasubiriwe, mwanangu.

Wanga hauko kwenye nyama wala kwenye kamba. Sukari inaingilia kwenye rojo: tomato ya chupa, asali. Ukwaju nao, kwa uchachu wake wote, una sukari. Nilitaka kukwambia uuache. Kisha nikafikiri, mishkaki bila ukwaju? Kijiko kimoja kwa kilo nzima, tia. Daktari akikataa, ndimu na pilipili.

Ya boflo sisemi. Nyumba yako, mwili wako. Ila mkweo amezoea kumegea, atalitafuta kwa macho na hatalitaja. Mimi ningenunua moja, nikaliweka upande wake yeye. Nimeshasema sisemi.

Wakishaondoka nipigie, hata iwe usiku. Nataka kujua alikula vijiti vingapi.

Baba yako